Giuseppe Ungaretti, Mshairi wa Maneno Machache

Twafundisha katika shule zetu ya kuwa shairi ni maneno yaliyopimwa. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani 8. Mshororo wa shairi una mizani 16, yaani 8 upande huu na 8 upande huu, na vina vyake katikati na mwisho. Mafundisho haya ni ya kweli, tena ni urithi mwema tulioachiwa na wazee. Lakini yuko mshairi mmoja wa Italia, Giuseppe Ungaretti, ambaye mashairi yake ya kwanza yaonekana kuwa hayana kipimo chochote, si chetu wala cha watu wa kwao. Siku moja niliwaeleza wanafunzi wangu habari za shairi lake lenye mishororo miwili tu. Mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, hilo ni shairi, au ni barua iliyokatika kabla ya kwisha?" Sikumjibu siku ile, maana naliona ya kuwa jibu lake halipatikani ila kwa kuyajua maisha ya mtu mwenyewe. Kwa sababu hiyo nimeandika habari hizi, ili walimu wenzangu wakiulizwa swali hilo wasinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Ungaretti hakuzaliwa Italia. Alizaliwa Misri, katika mji wa Iskanderia, mwezi wa Februari mwaka wa 1888. Wazazi wake walikuwa watu wa Lucca katika nchi ya Toscana. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika Mfereji wa Suez, akapata ugonjwa katika kazi ile, akafa mwaka wa 1890, mtoto akiwa na umri wa miaka miwili. Mama yake akabaki mjane katika nchi ya ugeni. Alikuwa na tanuru la mikate ukingoni mwa mji, karibu na jangwa, akaishika kazi hiyo na kuwalea watoto wake kwa faida yake. Basi mtoto akakua akisikia lugha nyingi. Nyumbani alisikia Kiitalia cha Lucca. Njiani alisikia Kiarabu. Na katika shule ya Waswisi aliyotiwa alifundishwa kwa Kifaransa. Nchi ya Italia aliijua kwa midomo ya mama yake na kwa vitabu, asiione kwa macho hata alipofika umri wa miaka 24.

Huko Iskanderia alisikia habari moja ambayo haikumtoka moyoni maisha yake yote. Rafiki zake wawili Wafaransa, wahandisi wa ukoo wa Thuile, walimweleza ya kuwa chini ya bahari ya mji ule iko bandari ya kale sana, iliyokuwapo kabla Iskanderi hajaujenga mji, na ya kuwa bandari hiyo imezama, wala hakuna ajuaye habari zake. Ungaretti aliona ya kuwa ushairi wafanana na bandari hiyo: yako mambo yaliyozama ndani ya mtu, na mshairi hushuka kuyatafuta, kisha hurudi na machache aliyoweza kuyachukua. Ndiyo sababu kitabu chake cha kwanza alikiita Il porto sepolto, maana yake Bandari Iliyofukiwa.

Shuleni alikuwa na rafiki Mwarabu, jina lake Moammed Sceab, mzao wa maamiri wa watu wa jangwani. Vijana hawa wawili walipenda vitabu vya Kifaransa, na mwaka wa 1912 Ungaretti akaenda Paris, akaingia chuo kikuu, akamsikiliza mwanafilosofia Henri Bergson, akafanya urafiki na mshairi Guillaume Apollinaire na wachoraji wa mtindo mpya. Sceab naye akaja Paris, wakakaa katika hoteli moja ndogo, barabara ya Carmes. Sceab akajibadili jina akajiita Marcel, ili awe kama Wafaransa. Lakini kubadili jina si kubadili damu. Hakuwa Mfaransa, na kurudi katika maisha ya watu wake hakuweza tena. Mwaka wa 1913 alijiua. Ungaretti alimsindikiza mpaka makaburi ya Ivry, na miaka mitatu baadaye, akiwa vitani, akamwandikia shairi liitwalo In memoria. Katika shairi lile aeleza ya kuwa rafiki yake hakupata namna ya kuutoa uchungu wake kwa wimbo. Twaweza kuelewa hapa jambo alilolifikiri mshairi: wote wawili walikuwa watu wasio na nchi, wote wawili walikuwa wamechanganya lugha, lakini mmoja alipata lugha ya kusemea huzuni yake, na mwingine hakuipata. Ungaretti hakuuchukua ushairi kuwa pambo tangu hapo. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mtu aweza kufa kwa kukosa maneno yake mwenyewe. Nasi tuliopewa kazi ya kuwafundisha watoto lugha ngeni tusilipite jambo hili upesi.

Italia iliingia katika vita tarehe 24 Mei 1915. Ungaretti akawa askari wa miguu asiye na cheo katika kikosi cha 19 cha Brigedi ya Brescia, akapelekwa Carso. Carso ni nchi ya mawe ya chokaa, kaskazini mashariki mwa Italia, kati ya mto Isonzo na mji wa Trieste. Maji ya mvua hayakai juu ya ardhi, bali huzama katika nyufa za mawe na kupita chini kwa chini. Kuchimba handaki katika mwamba ule ni kazi kubwa. Na kombora likipasuka, vipande vya mawe huruka na kuua kama vipande vya chuma. Tangu Juni 1915 hata Novemba 1917 yalikuwako mapigano makubwa 12 kando ya Isonzo, na majeshi ya Italia na ya Austria yakapoteza watu maelfu kwa maelfu kwa ajili ya vilima vichache.

Mahali kama hapo askari hana meza wala karatasi wala wakati. Ungaretti aliandika juu ya kila kipande alichokipata: kando za magazeti ya zamani, kadi za posta, barua alizopelekewa, akavitia vipande vile katika mfuko wake wa askari, asikusudie kuvitoa viwe kitabu. Akakutana na ofisa kijana, Ettore Serra, aliyependa mashairi. Serra akavichukua vipande vile, akavipanga, akavipeleka kupigwa chapa katika mji wa Udine mwezi wa Desemba 1916. Nakala zilizopigwa chapa zilikuwa 80 tu. Kitabu hicho kidogo ndicho watu wengi hukitaja wanapoeleza mwanzo wa ushairi mpya wa Italia.

Chini ya kila shairi imeandikwa tarehe na mahali, kama mtu aandikavyo katika daftari la siku. Shairi la Veglia, maana yake Kesha, ni la tarehe 23 Desemba 1915. Aeleza usiku mzima aliokaa karibu na maiti ya mwenzake, na jinsi katika usiku ule alivyoandika barua zilizojaa upendo. Shairi la I fiumi, yaani Mito, ni la tarehe 16 Agosti 1916. Ameoga katika Isonzo, na maji yale yamkumbusha mito mingine ya maisha yake: Serchio, mto wa Lucca ambao babu zake waliyanywa maji yake, Nili, mto wa nchi alikozaliwa, na Seine, mto wa Paris, alikojitambua. Mtu huyu asiye na nchi moja ajitafutia asili yake katika mito minne. Tena liko shairi la mwezi wa Julai 1916 ambalo kwanza aliliita Soldato, yaani Askari. Baadaye akalipunguza, akalibadili jina akaliita Fratelli, yaani Ndugu. Vikosi viwili vyakutana gizani, na mmoja auliza wenzake ni wa kikosi gani, akiwaita ndugu. Neno hilo moja, likitamkwa usiku na watu wawezao kufa kabla ya asubuhi, ndilo shairi zima. Sisi twalitumia neno "ndugu" kila siku, hata kwa mtu tusiyemjua, na pengine hatulisikii tena uzito wake.

Sasa na tuangalie kipimo. Waitalia wana desturi ya ushairi iliyo ya kale na yenye kanuni nyingi. Mshororo wao ulio mkuu una mizani 11. Dante alitunga kwa kipimo hicho kitabu chenye mishororo zaidi ya 14,000, na vina vyake vimefungamana tatu tatu kama mnyororo. Petrarca alitumia mizani 11 pamoja na nduguye mdogo, mshororo wa mizani 7. Kuhesabu kwao kwatofautiana kidogo na kwetu, kwa sababu irabu ya mwisho wa neno na irabu ya mwanzo wa neno lifuatalo huunganishwa na kuhesabiwa mara moja. Ungaretti alivunja haya yote. Mishororo yake ni ya neno moja, mawili au matatu. Hakutia vina. Hakutia hata nukta wala mkato, bali aliacha nafasi nyeupe katika karatasi, ili msomaji anyamaze pale. Wasomaji wengi walikasirika. Wengine walisema ya kuwa mashairi ya namna hii yamefungwa, hayana mlango. Na mwaka wa 1936 mtaalamu Francesco Flora akatoa kitabu cha kuulaumu ushairi huo mgumu, akauita wa "ermetica", yaani uliozibwa. Jina la lawama likashikamana na washairi wale hata leo, ingawa sasa halitajwi tena kwa kulaumu.

Lakini angalieni jambo hili. Shairi lake liitwalo Soldati, yaani Askari, aliliandika Ufaransa mwezi wa Julai 1918. Lina mishororo minne na maneno yasiyozidi 9. Lawafananisha askari na majani ya miti ya Ulaya katika majira yale ambayo majani hukauka na kuanguka. Neno "askari" halimo ndani ya shairi, limo katika jina lake tu. Asiyesoma jina hajui habari ni za nani. Basi ukiichukua mishororo ile minne na kuiunganisha miwili miwili, utapata mishororo miwili, na kila mmoja una mizani 7 kamili. Na lile shairi la mishororo miwili nililowaeleza wanafunzi wangu, liitwalo Mattina, yaani Asubuhi, la tarehe 26 Januari 1917, ambamo mtu ahisi nuru ya anga kubwa ikimwingia, nalo ukiliunganisha utapata mizani 7. Ni kipimo kile kile cha Petrarca. Hakukitupa, alikizamisha chini ya maneno, kama ile bandari iliyokuwa chini ya bahari. Aliukata mshororo wa zamani vipande vipande ili kila neno lisikike peke yake, kama mtu aliyepungukiwa na pumzi asemavyo. Na katika mahandaki ya Carso hakuna aliyekuwa na pumzi ya kusema mizani 11.

Tena ufupi huu haukuwa uvivu. Ungaretti aliyarudia mashairi yake mara nyingi, kwa miaka mingi, akiondoa neno hapa na mshororo pale. Kitabu cha mwaka wa 1919 alikiita Allegria di naufragi, maana yake furaha ya kuvunjikiwa na chombo baharini, yaani ile furaha ya ajabu ya mtu aliyeokoka, anayeanza safari tena siku ile ile. Kilipotoka tena mwaka wa 1931 alikuwa amelipunguza hata jina, likabaki L'Allegria, yaani Furaha. Wako wataalamu waliotoa kitabu kizima kuonyesha mabadiliko hayo neno kwa neno. Mwalimu anayewafundisha watoto insha ana faida hapa, kwani mtoto hudhani ya kuwa kusahihisha ni kuongeza.

Haifai nifiche upande mwingine wa habari zake. Baada ya vita alioa mke Mfaransa, Jeanne Dupoix, mwaka wa 1920, na mwaka uliofuata wakahamia Roma. Alikuwa maskini, na miongoni mwa kazi alizozifanya ni kazi ya ofisi katika wizara ya mambo ya nchi za nje. Akamfuata Mussolini. Kitabu chake kilipopigwa chapa tena katika mji wa La Spezia mwaka wa 1923, Mussolini mwenyewe ndiye aliyekiandikia dibaji, na mwaka wa 1925 Ungaretti alitia sahihi yake katika tangazo la wasomi waliokiunga mkono chama cha kifashisti. Wengi wameuliza: mtu aliyewaita askari ndugu katika giza aliwezaje kumfuata mtu aliyetawala kwa virungu? Huenda mtu aliyezaliwa ugenini alitamani mno kupata taifa, hata asipime vema lililokuwa mbele yake. Lakini kueleza si kusamehe, nasi tukimfundisha mshairi huyu tuwaambie wanafunzi mambo yote mawili. Baada ya utawala ule kuanguka aliondolewa kwa muda katika kazi yake ya ualimu chuoni, kisha akarudishwa.

Mwaka wa 1928, katika Juma Takatifu, alikaa katika monasteri ya Subiaco, akairudia imani ya Kikatoliki aliyobatizwa nayo. Mashairi yaliyofuata, yaliyo katika kitabu cha mwaka wa 1933 kiitwacho Sentimento del tempo, yaonyesha mabadiliko hayo: asema na Mungu kwa maswali na kwa malalamiko, kama Ayubu, si kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kutafuta. Tena lugha yake ilibadilika. Mishororo ikarefuka, alama za kuandikia zikarudi, na mizani 11 ikarudi waziwazi. Alisema ya kuwa alijifunza upya kwa Petrarca na kwa Leopardi jinsi wimbo wa Kiitalia unavyokwenda. Kwa hiyo wakosea wale wanaosema ya kuwa alizichukia kanuni. Alikuwa amezivunja ili aone zimeundwa na nini, na alipokwisha kuona akajenga tena.

Mwaka wa 1936 aliitwa Brazil kufundisha maandiko ya Kiitalia katika chuo kikuu cha São Paulo. Huko ndiko alikopatwa na msiba mkubwa kupita yote. Mwanawe mdogo, Antonietto, alifariki mwaka wa 1939, mwenye umri wa miaka 9, kwa ugonjwa wa kidole tumbo usiotibiwa inavyopasa. Baba akarudi Italia mwaka wa 1942, vita vingine vikiendelea, akawa profesa katika chuo kikuu cha Roma. Mwaka wa 1947 akatoa kitabu Il dolore, maana yake Uchungu, ambacho ndani yake yamo mashairi ya mtoto yule pamoja na mashairi ya mji wa Roma uliokuwa chini ya maadui. Alisema ya kuwa kitabu hicho ndicho alichokipenda kuliko vyote. Asomaye akilinganishe na mashairi ya Carso. Kijana vitani alikuwa na maneno machache kwa sababu ya haraka ya mauti. Mzee aliyefiwa ana mishororo mirefu, lakini kila mmoja wapita polepole, kama mtu aendaye nyuma ya jeneza.

Alitafsiri kwa Kiitalia mashairi ya Shakespeare, Góngora, Racine, Mallarmé na Blake, na kazi hiyo aliihesabu kuwa sehemu ya ushairi wake. Mwaka wa 1968 watu wa Italia walimwona katika televisheni akisoma sehemu za Odisea ya Homero kabla ya kila sehemu ya mchezo wa hadithi ile. Mzee mwenye macho madogo na sauti nzito, akilivuta kila neno kana kwamba alitoa kitu kizito kisimani. Mwaka wa 1969 mashairi yake yote yalikusanywa katika kitabu kimoja, Vita d'un uomo, maana yake Maisha ya Mtu Mmoja. Akafariki Milano mwezi wa Juni 1970, akazikwa Roma karibu na mkewe.

Washairi wa Kiswahili nao walishindana sana juu ya neno hili hili la vina na mizani, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa kitabu chake Kichomi mwaka wa 1974. Sitaki kuamua shauri hilo hapa. Lakini nadhani habari za Ungaretti zafaa kwa pande zote mbili. Aliye upande wa kanuni na aone ya kuwa hata aliyezivunja alikuwa anazijua kwa hesabu, na alirudi kwao. Aliye upande wa uhuru na aone ya kuwa ufupi wake ulimgharimu miaka ya kufuta, tena hakulibakiza neno ambalo hakulipima kwa mauti ya mwenzake au ya mwanawe.

Nilirudi darasani nikamwita yule mwanafunzi, nikamwandikia ubaoni ile mishororo miwili ya Kiitalia, nikamwambia aihesabu mizani yake kwa vidole, nami nikamsomea. Akahesabu, akapata 7. Akahesabu tena. Kisha akaniuliza kama askari yule alikuwa amejua ya kuwa ni 7 alipokuwa akiandika. Nikamwambia ya kuwa alikuwa ameyasikia mashairi ya watu wake maisha yake yote, na masikio yake yalijua hata kama mkono wake haukuhesabu. Akasema, "Basi haikuwa barua iliyokatika," akarudi kukaa.